Kikombe Ambacho Sitakionja

Gisenyi, Jumapili, tarehe 4 Agosti 2024

Mpendwa kaka yangu mkubwa, Yaya Phocas,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na wifi na watoto wote mlio hapo Mwanza. Natumaini mguu wako ulioangukiwa na gia boksi dukani umepona, na kwamba sasa unavaa viatu viwili kama watu wengine. Sisi huku tunaishi. Ni kiangazi, vumbi limepanda mpaka kwenye majani ya migomba, ziwa limetulia na mlima unatoa moshi wake kama desturi. Mimi bado niko kituo cha afya, chumba kilekile cha chanjo, ninaandika kadi za watoto na kuwapima uzito. Mgongo unauma jioni, lakini huo ni wa umri. Ineza ni mzima na anakusalimu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu hukatika yenyewe, na nyingine hukatwa na mtu. Karatasi haikatwi. Tena nimejitahidi kuandika Kiswahili cha shule, siyo kile chetu cha Masisi cha “mutu iko”, ili wifi naye aweze kusoma bila kuuliza maana. Nataka asome.

Ujumbe wako wa mwezi uliopita niliupata. Ulisema utakuja kwenye posa ya Ineza, ukae kwenye kiti cha mjomba, na ukauliza ulete zawadi gani: vitenge, sangara wakavu au bahasha. Swali hilo nitalijibu mwisho wa barua. Usiruke kwenda huko kwanza.

Mchumba unamjua kwa picha. Anaitwa Bruce, ni mhasibu katika hoteli moja ya kando ya ziwa, kijana mpole anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Wazazi wake walikuja Juni kujitambulisha. Baba yake alinisifu mbele ya watu kwamba nimebaki mjane na mtoto bado akanyooka. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikarudi na chai. Tulipatana posa iwe Jumamosi, tarehe 31 mwezi huu, hapa nyumbani kwangu.

Jumapili iliyopita wakwe zangu waliteremka kutoka Kanama kuja kupanga shughuli. Alikuja mama mkwe na Mzee Habumugisha, baba mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Tulizungumza vizuri juu ya hema, viti na msemaji wa familia. Kisha Mzee Habumugisha akakohoa, akasema kwamba vinywaji vitakuwa mikononi mwa Belise, mjane wa shemeji yangu Ildephonse. Nilidhani ananipunguzia kazi. Nikamshukuru, nikasema nitamsaidia Belise kumimina. Akasema hapana, sitagusa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jiko linachoma. Soda na bia zitafunguliwa mbele ya wageni. Urwagwa, pombe yetu ya ndizi, utatengenezwa Kanama na kuletwa kwa gari, na vijana wawili watakaa juu ya madumu njia nzima. Mimi nitakuwa chumba cha ndani mpaka wazee wawe wameshakunywa.

Mama mkwe aliongeza, bila kuniangalia, kwamba wananilinda na mimi pia, mtu asije akaumwa tumbo wakasema ni mimi.

Ineza alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Alimwambia bibi yake kwamba kama mama yake hamimini, basi siku hiyo hakuna kitakachomiminwa, watu watameza mate yao. Bibi yake hakupandisha sauti. Alimjibu kwamba ni sawa, mjukuu wangu, basi shuka kwa wazazi wa huyo kijana uwaeleze kwa nini posa imevunjika. Waeleze vizuri, usiache neno.

Yaya, unajua maana ya jibu hilo. Wifi huenda asijue, kwa hiyo namwandikia yeye mistari hii. Huku kwetu mwenye nyumba akikupa kinywaji huonja yeye kwanza mbele yako, ndipo anakukabidhi. Hakuna anayeuliza sababu. Ni heshima, lakini chini ya heshima hiyo kuna hofu ya zamani ya sumu. Mama asiyeruhusiwa kuonja na kukabidhi nyumbani kwake siku ya posa ya mwanawe ameshahukumiwa. Na hakuna anayeoa katika nyumba iliyotajwa sumu, maana wanasema ujuzi huo hutoka kwa mama kwenda kwa binti kama mapishi. Wazazi wa Bruce bado hawajui chochote. Siku watakapojua, Ineza hataolewa na Bruce, na sidhani kama ataolewa na mwingine katika mji huu.

Sasa nirudi mwanzo. Unakumbuka tangu sekondari nina tabia ya kuandika shajara kila siku, na jinsi mlivyokuwa mkinicheka kwamba naandika hata siku tuliyokula maharagwe. Basi tarehe ninazozitaja hapa si za kukisia.

Agosti 2020, Korona ikiwa imeshaingia lakini chanjo yake haijapatikana popote, watafiti walikuja kituoni kwetu wakiwa na daktari mmoja kijana anayeitwa Nziza. Walitaka wafanyakazi wa afya wa kujitolea. Nusu yetu tungechomwa chanjo ya kifua kikuu, ileile wanayochomwa watoto wachanga. Nusu nyingine wangechomwa maji ya chumvi. Hakuna ambaye angeambiwa amepata nini. Walitaka kujua kama chanjo hii ya zamani, ambayo haiijui Korona kabisa, inaweza kuuandaa mwili upigane nayo vizuri zaidi. Mimi nilikubali. Nilichomwa mkono wa kushoto tarehe 19.

Wiki chache baadaye palitokea kipele, kikatoa usaha, kikakauka na kuacha kovu. Nimeona makovu hayo kwenye mikono ya watoto miaka yote, sikuhitaji kuambiwa nilichopata. Mume wangu Kayitare aliliona akacheka, akasema sasa nimekuwa mtoto mchanga tena, je, aninunulie uji wa lishe? Lakini mimi sikucheka. Yeye alikuwa wakala wa forodha pale mpakani, anashika karatasi za madereva waliotoka pande zote za dunia. Nilimwendea daktari Nziza nikamwomba amchome na mume wangu. Akasema utafiti ni wa wafanyakazi wa afya tu. Nilirudi mara ya pili, nikamwomba tena. Akakataa tena, kwa upole, akasema hata yeye hajui kama inasaidia, ndiyo maana wanatafiti.

Jumapili iliyofuata nilikupigia simu nikakueleza yote, Yaya. Kipele, kovu, ombi langu la kwanza, ombi langu la pili. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema: “Donc munachanjwa kama ngombe, na bwana yako anabakia inje ya zizi!” Nami nikacheka kwa sababu wewe ulikuwa unacheka. Mbali na marehemu, ni wewe peke yako duniani niliyekueleza. Tuliombwa tusiitangaze, ili watu wasije wakakimbilia chanjo ya watoto na watoto wakaikosa.

Januari 2021 Kayitare alianza kukohoa. Ildephonse aliteremka kutoka Kanama kuja kunisaidia, ingawa nilimkataza. Alisema hawezi kukaa mlimani anapalilia viazi wakati kaka yake anatafuta pumzi. Naye akashikwa. Niliwauguza wote wawili katika chumba kimoja. Nilibadilisha mashuka yao, niliwalisha kwa kijiko, nililala sakafuni kati ya vitanda vyao kwa sababu mmoja akiamka mwingine huamka. Kayitare alifia hospitalini akiwa na mpira wa oksijeni puani. Ildephonse alimfuata kabla hatujamaliza kumlilia kaka yake. Walizikwa na watu wachache waliovaa barakoa, kila mtu kasimama mbali na mwenzake, na mama mkwe akiwa amekatazwa kugusa majeneza ya wanawe.

Mimi sikuumwa. Hata mafua sikupata. Walinipima na kunipima tena, hakuna kitu. Niliuonea aibu uzima wangu, kama mtu aliyekuja matangani na nguo nyekundu.

Siku moja katika matanga hayo nilimletea mama mkwe uji. Nikaonja, nikampa. Alipokea kikombe kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akakiweka chini kando ya mguu wake, na pale kikabaki mpaka nzi wakakijaa. Nilidhani ni huzuni. Kesho yake nilimletea kikombe cha chai. Nikaonja. Akakiweka chini. Belise alimletea maji, akayanywa yote.

Mei ile mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulipolipuka, na ardhi ikawa inatetemeka mchana kutwa mpaka nyumba yetu ikapasuka ukuta wa sebuleni, tulifunga virago mimi na Ineza tukapanda Kanama kama nusu ya mji ilivyopanda milima. Walitupokea. Walitupa godoro. Asubuhi nikaamka mapema, nikateka maji kisimani, nikajaza pipa lao kama mkamwana anavyotakiwa. Niligeuka kuchukua ndoo nyingine nikasikia nyuma yangu maji yanamwagika. Mama mkwe alikuwa ameliinamisha pipa. Maji yote yalikwenda kwenye migomba. Alikung’uta sketi yake, akaingia ndani.

Hapo ndipo nilipojua. Tulirudi Gisenyi siku hiyohiyo, ardhi ikiwa bado inacheza, kwa sababu nilikuwa radhi kuangukiwa na ukuta.

Sitaki umchukie mama mkwe, Yaya. Mimi mwenyewe nimejaribu na sikufaulu sana. Mume wake alikufa kule Masisi zamani, siku mbili baada ya kunywa kwa jirani. Labda ilikuwa sumu, labda ilikuwa ini. Tangu siku hiyo mama yule akisikia mtu amekufa hutafuta kikombe.

Mwaka 2022 utafiti ulikwisha, daktari Nziza akarudi kutueleza. Alinithibitishia kwamba nilipata chanjo, siyo maji ya chumvi. Nilibaki baada ya wenzangu kuondoka. Nilimwambia yaliyonipata. Nikamwomba anieleze kwa maneno ya kawaida kwa nini mimi nilibaki mzima, ili nikawaeleze Kanama.

Alinieleza vizuri, na nimeyaandika kama alivyosema. Mwili una walinzi wa aina mbili. Wako wanaojifunza sura ya adui mmoja na kuikumbuka miaka mingi, na hao ndio tunaowatafuta tunapochanja ugonjwa fulani. Halafu wako walinzi wa mlangoni, wa kuzaliwa nao, ambao humpiga yeyote anayeingia bila kuuliza jina lake. Zamani wataalamu waliamini hawa wa mlangoni hawakumbuki chochote, kila vita kwao ni ya kwanza. Sasa wamegundua sivyo. Wakishatikiswa mara moja na chanjo kama ile ya kifua kikuu, hubadilika kwa ndani. Hata kule kwenye uboho wa mifupa wanakotengenezwa, wapya wanaozaliwa huzaliwa wakiwa macho. Wakija virusi wengine kabisa, wasio na udugu wowote na kifua kikuu, huwakuta walinzi hawa hawajavua viatu.

Aliniuliza kama nilikuwa Gisenyi wakati wa mlipuko. Nikasema nilikuwepo. Akaniuliza miezi ile iliyofuata, lori zito likipita barabarani na madirisha yakatikisika, nilifanya nini. Nikamwambia nilikuwa nakimbilia nje, mimi na mtaa mzima, na mabegi yetu yalikuwa mlangoni. Akasema ndiyo hiyo. Lori si volkano, lakini mwili uliotikiswa hausubiri kujua. Hukimbia kwanza. Kwa virusi, kuwahi saa chache kunaweza kuwa ndiko kupona. Akaongeza mambo mawili. Kwanza, kukumbuka huko hufifia baada ya muda kama hakuna kinachokuamsha tena. Pili, walinzi walioamshwa kupita kiasi wanaweza kupiga hata wenye nyumba.

Nilimwomba aniandikie hati yenye muhuri kwamba chanjo ndiyo iliyoniponya. Akasema hawezi. Utafiti huhesabu watu wengi, hausemi juu ya mtu mmoja. Na tena, kuhusu Korona, matokeo ya nchi mbalimbali hayakufanana: mahali pengine chanjo hiyo ilionekana kusaidia, pengine haikuonyesha tofauti. Huenda mlango wangu ulikuwa na walinzi macho. Huenda ni damu niliyozaliwa nayo, huenda ni dirisha nililoacha wazi. Aliniambia mimi ni mtu mzima na hataki kunidanganya. Nilimheshimu kwa hilo, na nilitoka pale nikiwa na hasira naye mpaka nyumbani.

Hata hivyo nilipanda basi dogo nikaenda Kanama. Nilimkuta Mzee Habumugisha na mama mkwe wanachambua maharagwe. Nilikunja mkono wa blauzi, nikawaonyesha kovu, nikaeleza kila kitu, walinzi wa mlangoni na volkano na lori. Walinisikiliza mpaka mwisho. Mzee aliniuliza maswali ya maana, si mjinga yule. Aliniuliza kama ni kweli nilichomwa kabla ugonjwa haujafika nyumbani. Nikasema kweli. Kama ni kweli mume wangu hakuchomwa. Nikasema kweli, lakini nilimwombea mara mbili. Akaniuliza nani alisikia nikiomba. Nikamtaja daktari. Akasema daktari ni mtu wa upande wangu, mimi ndiye niliyempa mkono achome.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, na lilinimaliza. Alisema mwenye kuua kwa kikombe huwa na dawa yake ya kutangulia, anaimeza au anachanjwa, ndipo anaweza kuonja mbele za watu asidhurike. Alisema hilo wanalijua tangu kwa babu zao. Akacheka kidogo, bila ubaya, akasema: “Donatille, we na daktari wako na sisi, wote tunasema neno moja. Ulitangulia.”

Na mama mkwe akamalizia huku akipuliza maganda ya maharagwe kwamba kuanzia sasa nisijisumbue kuonja. Kuonja kwangu si kuonja.

Yaya, nilirudi nimekaa nyuma ya basi na mkono wa blauzi bado umekunjwa. Nilikuwa nimewapelekea ukweli wote, wao wakautia mfukoni mwao. Lakini kuna kitu kimoja kilinisumbua njia nzima. Nilipowaonyesha kovu, hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyeuliza sindano gani. Walikuwa wanajua tayari. Nani aliwaambia?

Nilijiuliza hivyo mwaka mzima. Nilimshuku daktari, nikawashuku wenzangu wa kituoni mmoja mmoja. Kuna muuguzi niliacha kumsalimu kwa ajili hiyo, na mpaka leo hajui kosa lake, maskini. Tarehe 14 Novemba mwaka jana, Belise alikuja kituoni kumsindikiza mdogo wake na mtoto mchanga. Mtoto alichomwa ile ya kifua kikuu, akalia. Belise akakitazama kile kimkono, naye akaanza kulia kuliko mtoto. Nilimkalisha kwenye benchi la nje. Akaniambia.

Sasa nimefika mahali ambapo wewe, Yaya, ulikuwa ukiogopa nifike tangu uanze kusoma.

Belise alisema wiki ile ya mazishi ulimpigia simu mama mkwe, kwa sababu mipaka ilikuwa imefungwa na hukuweza kuja. Belise ndiye aliyekuwa anamshikia simu, maana mama hajui kubonyeza. Ulilia. Ukamwambia mama asihofu, Ineza hatabaki bila mlezi, Donatille hatakufa, Donatille alishachomwa sindano yake mapema. Mama aliuliza sindano gani. Ukasema ya kujikinga.

Hilo nilikusamehe palepale kwenye benchi. Ulitaka kumfariji mama aliyezika watoto wawili, na ulinipenda, na mdomo wako tangu utoto haujawahi kuwa na mlango.

Lakini Belise hakuishia hapo. Siku ya kuondoa matanga, mimi nilitumwa Nyakiriba kuchukua viti kwa mchungaji. Sasa naelewa kwa nini nilitumwa mimi, mfiwa, kuchukua viti. Ukoo ulikaa. Mzee Habumugisha akakupigia, akaiweka simu mezani kwa sauti kubwa watu wote wasikie. Akakuuliza kwa adabu, kama shemeji wa ukoo, mambo mawili tu. Je, Donatille alikueleza ni sindano gani? Na je, aliitafuta kwa ajili ya mumewe au alijitafutia peke yake?

Ulikuwa unajua, Yaya. Ni wewe uliyecheka mpaka ukakohoa. Neno moja lako, “aliomba mara mbili akakataliwa”, lingetosha, kwa sababu lingetoka kwako kabla mimi sijajua kama nashukiwa. Belise anasema ulinyamaza muda mrefu mpaka wakadhani simu imekatika. Halafu ukasema: “Mambo ya Donatille na bwana yake mi siyajue. Musiniweke humo.” Ukakata.

Kwa muda nilijaribu kukutetea. Nilijiambia uliogopa, na najua uliogopa nini. Wakiitaja sumu kwangu, wanaitaja damu yetu sote, na wewe una mabinti watatu. Ulitaka mto huo upite kwangu usifike Mwanza. Nakuelewa kabisa. Lakini na mimi nina binti, naye ni mmoja.

Miezi yote hii tangu Novemba nimekuwa nikipokea salamu zako na kukurudishia. Krismasi nilikutumia picha. Nilikuita Yaya mpendwa, na nilikuwa najua. Sikutaka ugomvi. Nilidhani ukimya wangu unanigharimu mimi tu, na mimi nimezoea. Jumapili iliyopita, nilipomwona Ineza amesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi, nilifahamu kwamba sasa analipa yeye.

Daktari alisema kukumbuka kwa walinzi wa mlangoni hufifia. Sijui anawatoa wapi watu wake anaowapima. Kanama hakujafifia kitu. Na kwangu pia, Yaya. Sasa mtu akikiweka kikombe chini hata kwa sababu chai ni ya moto, mimi mwili wote husimama.

Basi nisikilize, na wifi asikilize. Nimemwambia Mzee Habumugisha kwamba nakubali masharti yake yote isipokuwa moja. Nitakaa chumba cha ndani. Belise amimine, vijana wakae juu ya madumu, sawa. Lakini kinywaji cha mjomba wa bibi harusi nitakileta mimi mwenyewe, kwa sababu ni kaka yangu, na kaka hakataliwi mkono wa dada yake. Mzee alifikiri, akakubali. Nadhani anataka kuona. Hata mama mkwe anataka kuona.

Kwa hiyo Jumamosi ile, wakiwa wameketi wakwe zangu wote, kabla wazazi wa Bruce hawajaingia hemani, nitatoka ndani na kikombe cha urwagwa. Nitakuja mpaka mbele yako. Sitakionja. Waliniambia kuonja kwangu si kuonja, basi sitaonja. Nitakupa kikombe kilivyo, kutoka mkononi mwangu, na wewe utasimama uwaambie kwa sauti ileile waliyoisikia kwenye simu: kwamba nilikueleza, kwamba niliomba, mara ngapi niliomba, na kwamba ulijua walipokuuliza. Kisha utakunywa mpaka chini, ukigeuze kikombe wakione.

Ukisita, hata kidogo, hata kama ni kwa sababu ya kikohozi, nitajua kwamba na wewe unaamini, na nitarudi ndani bila neno.

Na kama huwezi, usije. Sitakuuliza sababu. Wellars, mtoto wa shangazi, nimemwambia aweke suti tayari, na kiti cha mjomba hakitakosa mtu. Lakini Wellars akinywa, atakunywa bila kuwa na la kusema, kwa kuwa hakuwa kwenye simu ile. Ineza bado hajui lolote kukuhusu. Mpaka leo anamwambia Bruce kwamba mjomba wake wa Mwanza ndiye mtu mcheshi kuliko wote katika ukoo wetu.

Msalimie kila binti kwa jina lake. Mwambie wifi sina kinyongo naye, na kwamba kama ni yeye anayekusomea barua hii kwa sababu umeisahau miwani dukani, ninamshukuru kwa kusoma mpaka hapa. Mungu awalinde, na basi la Rusumo liwafikishe salama kama mnakuja.

Uliuliza ulete zawadi gani. Vitenge tunavyo, samaki ziwani wapo, bahasha iache. Njoo mikono mitupu, Yaya. Njoo na kiu.

Mdogo wako,

Donatille